Nani Alimpa Mama Kalamu? Maneno ya Wanawake Waandishi na Somo Lake Kwetu Mumosho



Leo nataka tuongee juu ya wanawake walioandika vitabu na tenzi, na maneno waliyotuachia. Lakini kabla ya kufika kwao, niwaeleze kwanza kilichonifanya nishike kalamu.

Siku moja asubuhi, nikitoka mtoni Ruzizi kuelekea barabarani, mama mmoja mjane alinisimamisha. Alikuwa na binti yake wa mwaka wa sita wa msingi, bado na nguo ya masomo, nyeupe juu na buluu chini. Mama akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Mwanangu, unisomee hii,” akaniambia. “Miye sikusoma. Walisema ni karatasi ya kilio, ya wale walioleta mchango siku tulimuzika baba yao. Lakini sasa wanasema shamba la ndizi si langu tena.”

Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino. Kidole chake. Kabla sijaanza kusoma, yule binti alisogea, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kuanza kusoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno. Ilikuwa Kifaransa, na hakuelewa kila kitu. Lakini alielewa jina la mama yake, jina la marehemu baba yake, na neno “parseli”. Akanyamaza. Mama yake alimtazama usoni, akajua bila kuambiwa. Haikuwa karatasi ya kilio. Iliandikwa kwamba yeye, kwa hiari yake, ameachilia shamba la ndizi kwa jamaa za mume.

Sitataja jina la mtu wala familia. Jambo hili bado liko mbele ya wazee, nami sitaki kulihukumu hapa. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikajiuliza: na maneno bila daftari, je? Mama zetu hapa Bushi wana maneno mengi ya hekima. Yako wapi? Nani ameyaandika? Na zamani, wale wanawake wachache ambao maneno yao yametufikia, nani aliwapa kalamu?

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mama wa Pate aliyeita karatasi na wino

Tuanze mbali kidogo, pwani ya Kenya, kwenye visiwa vya Lamu. Kuna kisiwa kinachoitwa Pate. Huko alizaliwa, karibu mwaka 1810, mwanamke aitwaye Mwana Kupona binti Msham. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, mtu aliyepigana kwa miaka mingi na Sultani wa Zanzibar akikataa kutawaliwa naye. Kwa hiyo Mwana Kupona aliishi katika nyumba ya vita. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Mume alifariki, na Mwana Kupona akabaki mjane, tena mgonjwa. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa angali msichana. Mama aliona kwamba pengine hataishi kumwongoza. Basi mwaka 1858 akamwita binti yake akae karibu naye, alete karatasi na wino, kwa sababu ana neno moyoni analotaka kumwambia. Hivyo ndivyo utenzi wake unavyoanza. Una beti zaidi ya mia moja. Miaka miwili hivi baadaye alifariki dunia.

Utenzi wa Mwana Kupona ndio kazi ya mwanamke inayojulikana kuliko zote katika fasihi ya kale ya Kiswahili. Anamwambia binti ashike dini, achunge ulimi wake, awe na adabu mbele ya watu, asiwadharau maskini, na asikae na watu wa upuuzi. Anamwambia pia kwamba mwanamke anahitaji radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Halafu anaendelea kwa urefu juu ya mume: amtii, ampambie nyumba, asimwamshe kwa kelele, asiende mahali bila ruhusa yake.

Niliwasomea akina mama wawili watatu hapa kwetu maana ya beti hizo. Mmoja alicheka, akasema, “Huyo mama alikuwa anatetea wanaume!” Mwingine alikasirika kabisa. Nami nawaelewa. Wako wasomi wengi waliokasirika vilevile, hasa wanawake wa siku zetu.

Lakini mama wa tatu, mzee kuliko wote, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Aliandika lini? Akiwa anakufa? Mutoto akiwa angali musichana?” Nikamjibu ndiyo, koko. Akasema, “Basi hakuandika juu ya bwana. Aliandika namna mutoto atapona.”

Neno hilo lilinishangaza, kwa sababu wako wasomi wanaosema karibu vilevile. Wanatukumbusha sehemu moja ambapo Mwana Kupona anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mchanga ambaye bado hajajua kusema. Hebu fikirini. Huyu ni mjane wa mtawala, aliyeishi na mpiganaji mkubwa, naye anamwambia binti yake kwa upole kwamba mume ni wa kubembelezwa kama mtoto. Je, hiyo ni sauti ya mtumwa, au ni ya mtu anayejua nyumba inavyoendeshwa? Kila msomaji ajibu mwenyewe.

Mimi nachukua jambo lingine. Mwana Kupona alijua kusoma na kuandika, na mwishoni mwa utenzi anawaambia wanawake wote wausome. Wanawake ndio aliowalenga. Hakumwachia binti mali tu. Alimwachia maandishi. Na kwa kuwa aliyaandika, yalinakiliwa kutoka mkono hadi mkono, mwaka 1934 yakachapishwa kitabu, na leo mimi niko Mumosho, mbali kabisa na bahari, ninabishana na akina mama juu yake. Mataka alikuwa na askari. Lakini ni wangapi kati yetu wangelijua jina lake kama si mke wake kushika kalamu?

Binti wa Sultani na mfupa wa ngamia

Miaka ileile, Zanzibar, kulikuwa na binti mwingine. Huyu ni Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Sayyid Said mwenyewe, yule ambaye Bwana Mataka alikataa utawala wake. Tazameni namna historia inavyowakutanisha watu: mke wa mpinzani anaandika upande mmoja, binti wa Sultani anaandika upande mwingine.

Mtu anaweza kufikiri kwamba binti wa Sultani alipewa kila kitu. Hapana. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kuandika kulionekana jambo la hatari kwa mwanamke: ataandika barua kwa nani? Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule uliotumika kama kibao cha kuandikia, na akanakili herufi za Kurani moja moja mpaka mkono ukazoea.

Na kweli kalamu ile ilimtia katika mambo makubwa. Baba yao alipokufa mwaka 1856, ndugu waligombania ufalme. Mwaka 1859, mmoja wao, Barghash, alitaka kumpindua kaka yake Majid. Barghash na wenzake walihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Nani alijua kuandika, na nani asingeshukiwa? Salme, msichana wa miaka kumi na mitano. Njama ilishindwa, naye akabaki na doa kati ya jamaa zake.

Baadaye alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza mpaka Aden, na huko mwaka uliofuata akabatizwa, akapewa jina la Emily, na akaolewa. Wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume aligongwa na tramu akafa. Salme akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu, na lugha ambayo bado alikuwa anajifunza. Ili kupata chakula alifundisha watu Kiarabu. Usiku aliandika maisha yake ili watoto wake wajue walikotoka. Mwaka 1886 kitabu kilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa ambapo mwanamke wa Afrika Mashariki anasimulia maisha yake mwenyewe kwa mkono wake.

Katika kitabu kile anawaambia Wazungu maneno makali. Anawaambia kwamba wanakuja siku chache, wanatazama nyumba kwa nje, halafu wanarudi kwao kuandika kwamba wanajua wanawake wa Mashariki wanavyoishi. Anawaambia pia kwamba hata wanawake wa Ulaya aliowakuta hawakuwa huru kama walivyojisifu. Sisi wa Kivu, ambao kila mwezi tunaona mgeni akija na kamera, akikaa siku tatu, akirudi kwao kueleza “maisha ya mwanamke wa Kongo”, tunaweza kumpa mkono Salme hapo.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana hii ni historia. Katika kitabu hichohicho Salme anautetea utumwa. Anasema watumwa wa Waarabu walitendewa vizuri. Nasi tunajua misafara ya pembe na watumwa ya wakati ule ilifika wapi: Ujiji, Kasongo, Nyangwe, mpaka ndani ya Kongo yetu. Hata Kiswahili hiki ninachowaandikia kilipita njia hizo kabla ya kuenezwa na askari wa serikali na wamisionari. Walioosha sahani katika jumba la Mtoni walikuwa na mama zao pia, na wengine walitoka huku kwetu bara. Wao hawakupata mfupa wa ngamia. Hatujui walisema nini.

Kwa hiyo tunaposoma wanawake wakubwa wa zamani, tusiwageuze kuwa watakatifu. Anaweza kuona dhuluma aliyofanyiwa yeye na asione ile anayoishi juu yake. Hilo nalo ni somo.

Hadithi za bibi ndani ya kitabu

Sasa tuvuke Ziwa Viktoria. Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 upande wa Nyanza, Kenya. Alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi pia BBC huko London. Mwaka 1966 alitoa riwaya yake The Promised Land, na akawa kati ya wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa riwaya kwa Kiingereza. Baadaye aliandika kwa Kijaluo pia, lugha ya mama yake, na katika miaka ya 1980 aliingia bungeni. Alifariki mwaka 2015.

Ogot alikuwa na kawaida ya kusema kwamba hadithi zake nyingi alizipata kwa bibi yake, jioni, kabla ya kulala. Moja inayojulikana sana ni ile ya Oganda, binti wa chifu. Mvua imekataa kunyesha, mganga anasema lazima binti huyo atolewe kafara kwa mnyama wa ziwani. Kijiji kizima kinamsindikiza kwa nyimbo. Kila mtu anampenda, na kila mtu anakubali afe. Njiani anakuja kijana anayempenda, Osinda, anamficha, na wanakimbia. Na mvua inanyesha hata hivyo.

Sielezi zaidi ili msije mkakosa hamu ya kuisoma. Lakini niambieni: ni mara ngapi tumesikia kwamba ili familia ipone, binti lazima atolewe? Aache masomo ili kaka aendelee. Aolewe mapema ili ng’ombe ziingie nyumbani. Tunamsindikiza kwa nyimbo, tunavaa vikwembe vipya, na hakuna anayeuliza kama mvua haingenyesha bila hivyo.

Grace Ogot alieleza pia kwamba alipopeleka hadithi zake za mwanzo kwa wachapishaji, walishangaa namna mwanamke Mkristo anavyoweza kuandika juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika juu ya wokovu. Hakuzitupa hadithi za bibi yake. Alizipeleka pengine, na zikachapishwa. Kama angeona aibu, maneno ya bibi yangezikwa pamoja na bibi.

Barua ya mjane

Nitapita haraka Senegal, kwa sababu kuna kitabu kimoja ambacho kila mjane wa Bushi angekielewa bila kuelezwa. Mwandishi ni Mariama Bâ, mwalimu, aliyezaliwa Dakar mwaka 1929. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha Kifaransa kiitwacho Une si longue lettre, ambacho kimefasiriwa kwa Kiswahili pia. Mwaka 1980 kilipata tuzo ya Noma, na mwaka 1981 mwandishi akafariki.

Ni barua ya mwanamke, Ramatoulaye, aliyefiwa na mume. Yuko ndani akikaa matanga, na anamwandikia rafiki yake. Siku arobaini zikiisha, kaka wa marehemu anaingia na wenzake na kutangaza kwamba atamrithi. Hakumwuliza. Alitangaza tu. Ramatoulaye, ambaye amenyamaza miaka mingi, anafungua mdomo na kumkatalia mbele ya wote: yeye si kitu cha kupokezana.

Nilipomweleza yule mama wa karatasi habari hii, aliuliza swali moja tu: “Huyo alikuwa amesoma?” Nikasema ndiyo, alikuwa mwalimu. Akatikisa kichwa. “Ndiyo maana.”

Na sisi Wakongomani?

Mtu atauliza: na kwetu? Kwetu tulichelewa, na tulicheleweshwa. Wakati wa Wabelgiji, wasichana walifundishwa zaidi kushona, kupika, kufua na sala. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, hapakuwa na mwanamke Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyemaliza Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke katika nchi yetu.

Miaka hiyohiyo, msichana wa Kasai aitwaye Clémentine Nzuji, aliyezaliwa mwaka 1944, aliwakusanya vijana wenzake Kinshasa, wakaunda kikundi cha washairi kilichoitwa Pléiade du Congo. Mwaka 1968 alitoa kitabu chake cha mashairi, Murmures, maana yake minong’ono. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kujijengea jina katika ushairi ulioandikwa.

Kinachonigusa zaidi kwa Nzuji ni alichofanya baadaye. Akiwa msomi, hakuishia kuandika mashairi yake. Alirudi kwa Waluba na kukusanya vitendawili, nyimbo za sifa, majina na alama za wazee, akazichapisha. Akawa profesa Ubelgiji akifundisha hayo. Yaani aliona kwamba kitendawili cha bibi kijijini ni elimu inayostahili kuandikwa. Je, vitendawili vya Mashi nani atavikusanya? Mimi ninavikumbuka vitano au sita. Mama yangu alivijua mpaka jogoo analia.

Ng’ambo ya Ruzizi

Sasa nafika mahali pagumu kidogo, lakini nitasema. Ukisimama hapa kwetu ukatazama ng’ambo ya Ruzizi, unaiona Rwanda. Kati yetu na wao kuna mto na kuna majeraha. Tangu mwaka 1996 vita vimetupitia, na hakuna nyumba hapa isiyo na mtu wa kumlilia.

Kuna mwandishi wa ng’ambo ile, Scholastique Mukasonga, aliyezaliwa mwaka 1956. Akiwa mtoto, familia yake ilihamishwa kwa nguvu mpaka Nyamata. Mwaka 1973 alifukuzwa masomoni kwa sababu alikuwa Mtutsi, akakimbilia Burundi, na mwaka 1992 akafika Ufaransa. Mwaka 1994 jamaa zake waliobaki waliuawa, pamoja na mama yake, Stefania. Mwaka 2008 alitoa kitabu juu ya mama huyo, La femme aux pieds nus, mwanamke wa miguu mitupu.

Anaeleza kwamba Stefania aliwaambia binti zake: nikifa, mnifunike, maana mwili wa mama haufai kuonwa na watu. Alipouawa, hakuna binti aliyekuwapo kumfunika. Basi Mukasonga akaandika kitabu, ili maneno yawe nguo ya kumfunikia mama yake.

Nilisoma hapo nikaweka kitabu chini. Nilifikiri juu ya mama zetu waliokufa porini wakikimbia, na waliokufa usiku vijijini, na hatukuwafunika. Uchungu wa mama hauna paspoti. Sisemi kwamba kusoma kitabu kunafuta yaliyotupata, wala kwamba tunyamaze juu ya wafu wetu. Nasema kinyume: tuandike juu ya wafu wetu vilevile. Wao wana Mukasonga. Sisi tuna nani wa kuandika nguo ya kuwafunikia mama zetu wa Bushi?

Mwanzo upo. Bukavu mjini, mwaka 2003, wanawake waandishi wa habari waliunda chama chao, AFEM, na wakapeleka vinasa sauti vijijini ili wanawake walioteswa waseme wenyewe kwa lugha yao, wasikike redioni. Wengi tulisikia sauti zile jikoni, sufuria ikiwa motoni, na hakuna aliyethubutu kuongea. Lakini sauti ya redio inapita na upepo. Tunahitaji na kitabu.

Kaye ya franka chache

Nirudi kwa yule mama na binti yake.

Watu watasema kwamba sheria zipo. Ni kweli. Zamani Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mambo ya kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliondoa jambo hilo. Tangu 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure. Yote ni mazuri. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na mtu asiyesoma karatasi anaambiwa chochote. Anaambiwa ni karatasi ya kilio.

Wazee walipomwita mama yule kujieleza, alitaka kwenda na mikono mitupu, aseme tu. Nikamshauri jambo moja. Tukanunua kaye na biki dukani. Jioni, mbele ya nyumba, mama akaongea na binti akaandika. Aliandika nani alipanda ndizi za kwanza na zilitoka kwa nani. Aliandika mpaka unaanzia mti gani na kuishia jiwe gani. Aliandika majina ya majirani waliokuwapo siku marehemu alipoonyesha mipaka. Aliandika mwaka ambao mama alilima peke yake, mume akiwa mgonjwa. Kwa Kiswahili chetu, na maneno ya Mashi katikati pale Kiswahili kiliposhindwa. Kurasa tisa.

Mara kwa mara mama alisimama na kumwuliza, “Umeandika? Soma nisikie.” Binti alisoma. Mama alisikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka katika karatasi, na mara moja nikamwona amefunika mdomo kwa kikwembe. Sikujua kama anacheka au analia.

Siku ya kikao, kaye ile ilisomwa mbele ya wazee, na binti ndiye aliyesoma. Majirani wawili waliotajwa walisimama wakasema ndiyo, ilikuwa hivyo. Wazee hawajakata maneno bado. Waliomba muda. Siwezi kuwaambia mama atashinda, maana sijui. Lakini shamba bado halijaguswa na panga la mtu, na ile karatasi yenye kidole gumba sasa ina karatasi nyingine ya kubishana nayo.

Mwana Kupona alimwita binti yake alete karatasi na wino. Hapa kwetu pia: mama anaongea, binti anaandika. Ni kazi ileile.

Wasomaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Wiki hii, nunueni kaye. Mkae na mama, na koko, na shangazi. Mwulizeni neno moja analotaka wajukuu wasilisahau. Mliandike kama alivyolisema, bila kulipamba. Andikeni na tarehe, na mahali. Na kama mna binti nyumbani, mpeni yeye biki kwanza.

Mkishaandika, mtuletee. Tutayasoma, na yale ambayo wenyewe wataruhusu tutayatoa hapa, ili siku moja mtu mwingine akitafuta maneno ya wanawake wenye hekima asilazimike kwenda mpaka Pate na Dakar. Ayakute Mumosho.